Maktaba za bure za ugeuzaji wa Fourier: kwanza uliza kama data yako itabaki salama

Nilipoteza siku mbili nikisaka kosa ambalo halikuwa kwenye hesabu zangu. Nilikuwa nasafisha rekodi ya sauti: naigeuza kuwa masafa kwa ugeuzaji wa Fourier (hesabu inayotenganisha sauti katika masafa yake), naondoa mvumo, kisha narudisha sauti. Sauti ilirudi safi. Nilipotaka kuyatumia tena yale masafa, nikakuta takataka tupu. Maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu yangu iliutumia, ilikuwa imeandika juu ya data yangu, na onyo lenyewe lilijificha ndani kabisa ya maelezo yake.

Tangu siku hiyo, kasi siiulizi kwanza. Kwa kazi za kawaida karibu zote zinatosha.

Ninayoipenda, na sifichi, ni PocketFFT ya Martin Reinecke. Toleo lake la lugha ya C++ linatamka kwenye msimbo wenyewe kwamba data inayoingia haibadilishwi. Majibu yanaandikwa pale utakapoelekeza. Urefu wa data ukigawanyika kwa namba tasa kubwa, inatumia mbinu ya Bluestein badala ya kukwama. Leseni ni BSD, inayokuruhusu kuitumia hata kwenye programu iliyofungwa. Ukitumia NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, kuanzia toleo 1.17, tayari unayo.

FFTW ya Frigo na Johnson, iliyozaliwa chuo cha MIT, naiweka ya pili. Ni kazi ya mafundi hasa, lakini shika haya. Kabla ya kukokotoa, inapanga njia itakayotumia. Ukichagua FFTW_MEASURE, inajaribu njia kadhaa na kuzipima kwenye safu zako zilezile, na kilichomo kinafutika. Kwa hiyo panga kwanza, jaza data baadaye. FFTW_ESTIMATE haigusi kitu wakati wa kupanga. Kurudi kutoka namba changamano hadi namba halisi huharibu data ya kuingia. Kwenye data ya kipimo kimoja (mstari mmoja wa namba) unaweza kuizuia kwa FFTW_PRESERVE_INPUT, kwenye vipimo vingi huwezi. Nakili kwanza!

KissFFT ni ndogo, inafaa vifaa vidogo. Basi.

Sasa hili neno "bure". FFTW iko chini ya GPL, leseni inayokutaka uachie wazi msimbo wa programu unayoisambaza nayo. Ukitaka kusambaza programu iliyofungwa, unanunua leseni MIT. Sawa, wamesema wazi. Wanaoniudhi ni wale wanaotangaza maktaba ya bure huku msimbo wameufungia. Hulipi, kweli, lakini data ikiharibika humo ndani, utafungua wapi uone ilikoharibikia?