TAHADHARI: Mafuta ya rozimeri yanayouzwa Mbuyuni, Moshi

Wana Moshi, hasa kina mama wenye watoto wadogo, someni hii kabla hamjatoa hela.

Kuna dada anazunguka na ndoo pale Mbuyuni hadi stendi, na picha za bidhaa zake zinapita kwenye magrupu ya WhatsApp. Anauza chupa za plastiki za mililita 100, anadai ni mafuta halisi ya rozimeri, yale makali yanayotolewa kwa mvuke kwenye majani ya kiungo hicho. Elfu kumi tu! Wateja wamekuwa wakiniletea saluni niwapake. Nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, nikaendelea kusuka. Namaliza kichwa, doa lipo vilevile, linang'aa kama karatasi ya maandazi. Mafuta halisi yangeruka hewani na kuacha alama hafifu tu. Haya ni mafuta ya kula yaliyotiwa manukato, basi. Halafu kilo nzima ya majani hutoa vijiko vichache vya chai, ndiyo maana mafuta halisi huuzwa kwenye vichupa vidogo vya kioo cha kahawia. Mililita 100 kwa elfu kumi? Hesabu inakataa.

Ila hiyo elfu kumi tungesamehe. Huyu dada anawaambia wazazi wamtilie mtoto mwenye mafua matone kwenye chai na kumpaka puani. Kwa ushauri huo, afadhali alivyochakachua! Rozimeri halisi ina kafuri, kemikali yenye harufu kali. Mafuta yake yakinywewa yanaweza kuleta degedege, na mwenye kifafa ndiyo kabisa asiyaguse. Yakipakwa puani, mtoto mchanga anaweza kubanwa pumzi. Mama aliyezoea hizi feki, siku akiuziwa halisi atatia matone yaleyale. Mjamzito naye ayaache. Majani ya rozimeri kwenye mbuzi choma hayana neno, kuleni.

Kwenye nywele, matone 12 hivi ndani ya mililita 30 za mafuta ya nazi, yaani vijiko viwili vya chakula, yanatosha. Usiyapake matupu, na ujaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko uone kama ngozi itawasha.

Mwenye chupa hizi asizitupe, azipeleke TBS, shirika la viwango. Vipodozi viko chini yao tangu 2019. Na kama mtoto ameshakunywa mafuta ya aina hii, kutoka kwa muuzaji yeyote, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali, Mawenzi au KCMC, na chupa mwende nayo daktari aione.