Kuni zilizookwa: masika nanunua, ila kwa mizani

Nakaanga samaki Bagamoyo, jirani na soko la samaki la ufukweni. Karai halina subira: moto ukilegea, changu anakunywa mafuta na mteja ananuna. Adui yangu ni masika. Kuni za mwembe na mwarobaini zikishanyeshewa ni moshi na povu tu, mwali huuoni. Ndiyo maana muuzaji alipoleta kuni zilizookwa nikachukua, na nimezitumia msimu wote wa mvua.

Kwa asiyezijua, huu si mkaa. Kuni hufungiwa kwenye tanuri lisilopitisha hewa, kwa joto la kati ya nyuzi 200 na 300, mpaka zipate rangi ya buni iliyokaangwa. Uzito hupungua kama asilimia 30, lakini nishati hubaki kama asilimia 90, kwa sababu kinachotoka ni maji pamoja na sehemu kubwa ya vile vinavyoleta moshi. Mkaa hupikwa zaidi ya hapo, na kwenye tanuri la udongo la porini kilo 10 za mti huweza kutoa kilo moja au mbili tu.

Moto wake nimeupenda. Unashika upesi bila mafuta ya taa, mwali unapanda vizuri, na karai halishiki masizi kama zamani. Nyingine zililala uani zikanyeshewa. Asubuhi nikazifuta tu, zikawaka, maana kuni iliyookwa hainyonyi maji kama mbichi. Moshi upo kidogo, hasa ukizishindilia mafigani bila upenyo. Anayekwambia hazina moshi kabisa anauza maneno.

Ila zinavunjika! Za chini ya kiroba zilifika vipande na vumbi jeusi, na vumbi hilo nimelilipia. Maharage pia sizipikii, zinawahi kuisha. Hapo mkaa bado ni bora.

Kinachonikera zaidi ni kuuziwa kwa fungu, tena kwa bei ya juu kuliko kuni za kawaida. Kilo moja ya hizi ina joto zaidi ya kilo ya kuni kavu, sawa, lakini kijiti chenyewe kimeshaacha sehemu ya nishati yake tanurini. Ukinunua kwa fungu unalipia ukubwa wa kijiti. Nimemwambia muuzaji alete mizani. Kiangazi naendelea na kuni zangu za kuanika juani. Masika ijayo nitazichukua tena, kwa kilo.