Muvi za kutisha kidogo za kuangalia na watoto msimu wa maboga: zipi tuwashe, zipi zisubiri

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo nazungumza na wazazi, walezi, mashangazi na wajomba, wote mnaoshika rimoti Ijumaa usiku huku mtoto anauliza, "Mama, leo tunaangalia nini cha kutisha?" Huku Ohio, Marekani, majani yameshageuka rangi, maboga yamepangwa kwenye vibaraza vya majirani, na ikifika saa moja jioni nje ni giza. Tarehe 31 Oktoba ni Halloween, siku ya watoto kuvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, kwa hiyo mtoto anarudi shule na orodha nzima ya vitu ambavyo wenzake wameshaviona. Nyinyi mlioko Dar, Mombasa au Bujumbura najua hamna habari na maboga hayo, lakini katuni ni zilezile, zinawafikia.

Kabla ya yote, hebu tuzungumzie zile herufi mbili, PG, alama ya Wamarekani inayomwambia mzazi aangalie kwanza kama muvi inamfaa mtoto. Kila video nikitoa nakuta swali, "Dada, hiyo ni PG?" Sasa sikilizeni. Coraline ni PG. Coco ni PG. Hocus Pocus ni PG. The Nightmare Before Christmas nayo PG. Zote nne alama moja! Mtoto wa miaka sita akimaliza Coco atalia, atataka apigiwe bibi yake simu, kisha atalala. Mtoto huyohuyo akimaliza Coraline, chumbani kwake hatalala, atalala kwako, na taa itabaki inawaka. Mimi naangalia kitu kimoja: muvi inamtishia mtoto kwa nini? Ikiwa ni dude la msituni, mtoto anajua msitu uko mbali. Ikiwa ni mama yake mwenyewe, jikoni kwao, hapo pana kazi.

Basi tuanze na hiyohiyo Coraline, ya mwaka 2009. Mwongozaji ni Henry Selick, na studio ni Laika ya kule Oregon. Hawa ni wanasesere halisi, wanasogezwa kwa mkono kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Lile sweta la nyota analovaa binti limefumwa kweli, kwa sindano nyembamba ajabu, kwa kipimo cha mwanasesere. Simamisha video ukifika hapo, uliangalie.

Coraline amehamia nyumba kuukuu. Wazazi wake wote wawili wako kwenye kompyuta, wana kazi ya kumaliza, hawana muda naye. Anagundua kamlango kadogo kamefichwa nyuma ya karatasi za ukutani. Usiku kanafunguka, na upande wa pili kuna nyumba ileile, ila huko chakula ni kitamu, bustani imechanua, na kuna mama mwingine, mchangamfu, anapika, ana muda. Tatizo ni moja. Mahali pa macho ana vifungo.

Sasa kuna kile kipande cha mezani. Huyu mama mwingine anamsogezea mtoto kisanduku kidogo cha zawadi. Anafungua: vifungo viwili vyeusi, sindano na uzi. Hakuna anayepiga kelele, hakuna kitu kinachoruka gizani. Mama anaongea kwa upole kabisa, kwamba ukitaka kubaki huku na sisi milele ni hicho tu, na kama rangi nyeusi huipendi unaweza kuchagua nyingine. Jamani! Mimi mtu mzima nilikunja vidole vya miguu. Na ukifikiri, ndivyo zimwi la hadithi za bibi linavyofanya. Haliji na makucha nje. Linajigeuza kijana mtanashati, linakuja na mahari, binti anaondoka nalo kwa hiari yake.

Ndiyo maana naipenda hii muvi, na ndiyo maana sikushauri umwekee mtoto wa miaka mitano. Mimi nasema tisa kwenda juu, na wewe uwe umekaa palepale kwenye kochi. Wazazi wengi wakiona tu ni katuni wanaenda zao jikoni kusonga ugali. Usiende. Kinachomwokoa mtoto kwenye kisa hiki ni akili yake mwenyewe, na anapigania kuwarudisha wazazi wale wale waliochoka, wasiojua kupika. Mtoto wako akiliona hilo akiwa amekuegemea, muvi imefanya kazi yake. Dosari yake? Wale mabibi wawili wa zamani wa jukwaani wanachukua muda mrefu, na onyesho lao moja nguo ni haba mno. Kama mkwe wako yuko sebuleni, umeshaambiwa.

Ya pili ndiyo kipenzi changu, na wengi hamuijui. Over the Garden Wall, tamthilia ya katuni ya mwaka 2014, aliyeibuni ni Patrick McHale, ilionyeshwa Cartoon Network. Vipande kumi, kila kimoja kama dakika 11. Yaani yote kwa jumla ni urefu wa muvi moja, na mwaka uliofuata ilichukua tuzo ya Emmy. Ndugu wawili wa kiume wamepotea msituni. Mkubwa, Wirt, ana wasiwasi na kila kitu. Mdogo, Greg, hana wasiwasi na chochote, kavaa birika la chai kichwani na kabeba chura ambaye kila mara anampa jina jipya.

Kipande cha pili ndicho kitakachowaambia kama nyumba yenu inaiweza. Wanaingia kijiji kiitwacho Pottsfield. Watu wote wamejivika maboga, kichwani boga, mwilini majani na mabua ya mahindi, wanacheza ngoma ya mavuno. Wageni wanakamatwa kwa kukanyaga boga, wanahukumiwa na boga moja kubwa mno, na adhabu ni kazi za mikono saa chache tu. Kazi ya mwisho ni kuchimba mashimo. Wirt anachimba huku anatetemeka, kaamini anachimba kaburi lake. Jembe linagonga mfupa. Sitamalizia, ila nakwambia kinachotokea hapo si kile ulichokiogopa, na mtoto atacheka kabla hajajua kwamba alikuwa ameogopa. Sijaona kazi nyingine ya watoto inayofanya hivyo kwa usafi namna hii.

Na msituni kuna Mnyama. Humwoni, unamsikia anaimba mbali kati ya miti, kwa sauti nzito ya Samuel Ramey, mwimbaji wa opera kabisa. Wekeni vipande viwili kila usiku baada ya chakula. Miaka saba hivi inatosha, lakini vile viwili vya mwisho vina uzito, msiviweke usiku mtoto ameshasinzia.

The Nightmare Before Christmas, 1993. Wengi wanasema ni ya Tim Burton. Kisa ni chake na ni mmoja wa watayarishaji, lakini aliyekaa kwenye kiti cha mwongozaji ni yuleyule Henry Selick wa Coraline. Disney wenyewe waliona ina giza mno, wakaitoa kwa jina la kampuni yao nyingine, Touchstone. Leo wanauza fulana na vikombe vyake kila kona, biashara bwana! Jack, mfalme wa mji wa Halloween, anachoka na kutisha watu, anaamua kuiteka Krismasi. Dakika 76 tu, nyimbo bandika bandua, za Danny Elfman, ambaye ndiye pia anayemwimbia Jack. Kwa kutengeneza sura za Jack peke yake walichonga vichwa takribani 400. Hadithi yenyewe, niseme ukweli, ni nyepesi, na mapenzi ya Jack na Sally yanatokea tu mwishoni kana kwamba mtu alikumbuka. Lakini macho yanashiba. Mtoto wa miaka sita anaiweza, ila mjiandae na Oogie Boogie, lile gunia lililojaa wadudu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmeshaanza kuliandika hapo chini: "Dada, sisi nyumbani uchawi hatutaki." Sibishani na imani ya mtu. Kwa nyumba hizo nina mbili. Wallace & Gromit: The Curse of the Were-Rabbit, ya Waingereza, mwaka 2005, ilishinda Oscar. Sungura mkubwa kama gari anakula mboga za kijiji usiku, siku chache kabla ya mashindano ya mboga kubwa. Chanzo cha balaa lote ni mashine ya mtu anayejifanya fundi. Na huyo mbwa Gromit hana hata mdomo, anaongea kwa nyusi, na utamwelewa kuliko ndugu zako wengine. Ya pili ni Scooby-Doo, katuni ya vijana na mbwa wao wanaosaka mazimwi, ile ya awali ya mwaka 1969, ambapo ukilivua zimwi kinyago unakuta ni mtu tu, mara nyingi mwenye tamaa ya pesa. Angalizo tu: kuna muvi yao ya 1998, Scooby-Doo on Zombie Island, huko mazimwi ni ya kweli. Msichanganye.

Hocus Pocus, 1993. Hii ndiyo Wamarekani wanaiimba kila Oktoba. Iliwekwa sinema mwezi Julai, katikati ya joto, watu hawakuijali, baadaye televisheni ndiyo ikaipandisha. Wachawi watatu, dada wa tumbo moja, wanafufuka mjini Salem baada ya miaka 300. Bette Midler kama dada mkubwa anaburudisha kweli, ile sehemu anapanda jukwaani kuimba kwenye sherehe ya wazazi nimeirudia mara nyingi tu. Kuna mambo mawili mjue. Mwanzoni kabisa mtoto mdogo wa kike ananyonywa uhai mpaka anakufa, na hilo ndilo zito kuliko yote yanayofuata. Na mshumaa unaowafufua lazima uwashwe na bikira, neno hilo linarudiwa, linarudiwa tena, linachekewa. Mtoto atakuuliza. Andaa jibu mapema, usijifanye unakohoa.

Lakini mimi ina kitu kinanikera. Salem ni mji wa kweli. Mwaka 1692 waliwashika watu, wakawanyonga 19, na mchawi hakuwemo hata mmoja. Muvi inakuja kutuambia wachawi walikuwepo kweli na walistahili kamba. Sisi tunaotoka kwetu, ambako vikongwe wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni, hatuwezi kuicheka hiyo moja kwa moja. Nyumbani kwetu tunaiangalia, tunacheka, kisha nawasimulia wanangu habari ya Salem yenyewe. Wakubwa wa miaka kumi wanaelewa vizuri kabisa.

Coco, ya Pixar, mwaka 2017. Hii si ya Halloween, msije mkamwambia Mmeksiko hivyo. Ni ya Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, familia zinapanga picha za marehemu wao, chakula, mishumaa na maua ya rangi ya chungwa. Mwaka 2013 Disney walijaribu hadi kulisajili jina la sikukuu hiyo liwe alama yao ya biashara, watu wakawaka, wakarudi nyuma. Muvi yenyewe walivyoifanya, lakini, wameifanya kwa heshima. Mtoto Miguel anavuka daraja la petali za maua kwenda kwa wafu, na huko mifupa mitupu inavaa kofia, inapiga gitaa, inapita kwenye ukaguzi wa forodha: picha yako imewekwa nyumbani? Haipo? Rudi nyuma.

Na huko wafu wana kifo cha pili. Siku mtu wa mwisho duniani aliyekuwa akikukumbuka anapokusahau, unafifia, unakwisha. Mkenya John Mbiti, mwanateolojia, aliliandika hili mwaka 1969 kuhusu imani za Kiafrika: marehemu bado yuko katika Sasa maadamu kuna anayemjua kwa jina, asipobaki yeyote anaingia Zamani. Nilipoona kipande kile cha bibi kizee Coco, kwenye kiti chake, kimya, halafu kitukuu wake Miguel anashika gitaa... basi, tuendelee. Hofu hakuna kabisa, miaka mitano ruksa, leso ni za watu wazima.

Wednesday, tamthilia ya Netflix, maana najua ndiyo swali. Watoto wameiona ile dansi kwenye simu tangu 2022 na wanadhani ni ya umri wao. Siyo. Kuna mauaji, kuna damu, viungo vya watu vinakatwa, na wenyewe wameiwekea miaka 14. Jenna Ortega, anayeigiza Wednesday mwenyewe, ni hodari, mimi naiangalia, wenye miaka minane wangu wanalala.

Kwa usiku wenyewe wa tarehe 31, watoto wamerudi na mifuko ya peremende, wamejaa sukari, msianze muvi ndefu. Wekeni It's the Great Pumpkin, Charlie Brown, ya mwaka 1966, dakika 25 tu, sasa iko Apple TV. Charlie Brown kajifunika shuka la mzimu alilolikata matundu mengi kupita kiasi. Kila nyumba wenzake wanapewa pipi, yeye anapewa jiwe. Nyumba inayofuata, jiwe. Mwanangu mdogo wa miaka minne anaijua hiyo sehemu kwa moyo, na kila jiwe likitoka anaingiza mkono mfukoni mwake kukagua kama zake bado ni pipi.

Haya, kama kuna mliyoiangalia na watoto mkajuta, niandikieni jina lake na umri wa mtoto hapo chini, nitaipitia kabla ya wikiendi ijayo. Na bisi msizitie karameli usiku, mtakesha nao.