African Storybook kwa mtoto anayeonewa shuleni: hadithi za kuchagua, na jinsi ya kuzisoma

Mtoto anayeonewa shuleni mara nyingi hasemi. Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma, mchana anarudi bila kalamu, jioni anaomba apitishwe njia nyingine. Ukimuuliza moja kwa moja nani anamwonea, anainamisha kichwa. Lakini msomee hadithi, umuulize kwa nini kuku kammeza jongoo, naye atakueleza kwa kirefu, kwa sababu hapo anazungumza habari za kuku.

Kwa kazi hiyo, maktaba ya mtandaoni ya African Storybook ni miongoni mwa vitu bora ambavyo mzazi au mwalimu anaweza kuvipata bila kutoa senti. Ilizinduliwa mwaka 2014 na Saide, taasisi ya elimu yenye makao yake Afrika Kusini, na ina vitabu vya picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Unasoma mtandaoni au unapakua. Hadithi 40 kati ya hizo zimewekwa pia kwenye mtandao wa Global Storybooks, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada, na huko ni rahisi zaidi kuzipata kwa simu ndogo. Kasoro kubwa ni moja: hadithi zinazofaa hazitangazi uonevu kwenye majina yake. Lazima mtu mzima azisome kwanza, achague, ajue anachokitafuta.

Ya kuanza nayo ni Kuku na Jongoo ya Winny Asara. Ni ya ngazi ya 3 ya ugumu wa kusoma, aya fupi fupi, na mtoto wa darasa la pili au la tatu anaimudu. Marafiki wawili wanaopenda kushindana wanacheza mpira. Wanapigiana penalti, Kuku anapata goli moja, Jongoo matano. Kuku ananuna, Jongoo anacheka, na Kuku kwa hasira anafungua mdomo na kummeza mwenzake.

Kile kicheko ndicho kiini cha hadithi, na wasomaji wengi wanakipita mbio. Jongoo alicheka, ni kweli. Watoto watakuambia upesi, "Si alimcheka mwenyewe!" Usiwakatize. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mtoto anayeonewa huwa ameshaambiwa na wenzake, na pengine na mtu mzima: wewe ndiye uliyeanza. Waulize: kucheka na kumeza ni sawa? Kuku angeweza kufanya nini kingine? Mtafiti wa Norway, Dan Olweus, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, alitenganisha uonevu na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: kuna nia ya kuumiza, kitendo kinajirudia, na mmoja ana nguvu kuliko mwenzake. Wale wawili kwenye penalti wako kwenye ugomvi. Mmoja anapoingia tumboni mwa mwenzake, nguvu hazilingani tena. Mtoto wa miaka minane anaielewa tofauti hiyo akiiona kwenye picha, hata kama hawezi kuieleza kwa maneno.

Kisha kuna sehemu ambayo inastahili kusomwa polepole kuliko zote. Mama Jongoo anamtafuta mwanawe, anakutana na Kuku, anamuuliza, na Kuku hajibu. Halafu inasikika sauti ndogo ikitoka ndani: nisaidie, mama. Mama anatazama huku na huku, haoni kitu, lakini hapuuzi. Anaendelea kusikiliza mpaka anajua sauti inatoka wapi, ndipo anamwambia mwanawe atumie uwezo wake, ile harufu mbaya ya jongoo. Kuku anacheua, anatema, anapiga chafya, anakohoa mpaka Jongoo anatoka.

Angalia mfuatano: aliita, akasikiwa, ndipo akatenda. Mzazi akiruka hatua mbili za kwanza na kushikilia ya tatu peke yake, mtoto anabaki na ujumbe kwamba kujiokoa ni juu yake, atafute harufu yake mwenyewe. Kwa mtoto mdogo anayezungukwa na wakubwa watatu nyuma ya vyoo, huo ni mzigo usiobebeka. Swali la kumuuliza hapa ni jepesi: "Jongoo angemwita nani kama mama hakuwepo?" Jibu atakalotoa ni orodha ya watu wazima anaowaamini. Ikiwa hana hata mmoja shuleni, umeshapata kazi ya kesho asubuhi.

Hadithi ya Andiswa, iliyoandikwa na Eden Daniels, nasita kuipendekeza peke yake. Ni ya ngazi ya 2, sentensi chache kwa kila ukurasa, na wasichana wanaipenda. Andiswa anataka kucheza mpira, kocha anakataa, wavulana wanamwambia aende kwenye netiboli. Mchezaji bora anaugua, Andiswa anaingizwa, anafunga goli, na tangu siku hiyo wasichana wanaruhusiwa kucheza. Furaha tele. Lakini msikilize mtoto anayetengwa anavyoisoma: walimheshimu kwa sababu alifunga. Na kama angekosa? Watoto wengi wanaozomewa hawana goli la kufunga. Wana kigugumizi, au sare iliyochakaa, au lafudhi ya kwao. Kwa hiyo isome, kisha funga kitabu kwenye ukurasa wa mapumziko, pale ambapo hakuna aliyefunga, na uliza kama wakati huo Andiswa alikuwa na haki ya kuwa uwanjani. Bila swali hilo, hadithi nzuri inafundisha jambo baya.

Mtoto mwenye umri wa miaka tisa kwenda juu anaweza kubeba ile ya mtoto punda, ya Lindiwe Matshikiza. Ni nzito. Mwanamke anajifungua punda, jamii inamtenga, mtoto anakua asiweze kuwa kama wengine, mama anachoka na kumtumikisha kama mnyama. Hasira inamjaa punda mpaka anampiga mama yake teke, mama anaanguka chini, na punda anakimbia kwa aibu. Hii ndiyo ninayoiona inafaa kwa mtoto anayeonea wengine, maana naye anahitaji kitabu, na huwa hapewi. Inampa nafasi ya kuona hasira ikijikusanya kabla ya teke, na aibu inayofuata. Usimsomee mbele ya aliowaumiza.

Magozwe ya Lesley Koyi, ngazi ya 5, ni habari ya mvulana wa mitaani Nairobi ambaye mjomba wake alikuwa akimpiga. Inafaa kwa darasa la tano na kuendelea. Thamani yake kwa mada yetu iko kwa Thomas, mtu anayefanya kazi mahali ambapo watoto wa mitaani hupata chakula: anamwachia mvulana azungumze hofu zake taratibu, siku baada ya siku, bila kumharakisha.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko uchaguzi wa kitabu. Siku ya kwanza soma mwanzo hadi mwisho, dakika kumi, bila swali hata moja. Siku ya pili soma tena, simama kwenye ukurasa mmoja tu, uliza mhusika anahisi nini. Siku ya tatu mwachie mtoto akusomee wewe, au akusimulie kwa kutazama picha. Mara nyingi ni siku hiyo ya tatu ambapo anasema, "Hata shuleni kwetu..." Akifika hapo, weka kitabu chini na usikilize.

Mambo yanayoharibu yanajulikana. Mwalimu anasoma hadithi ya uonevu darasani siku ileile ya tukio, na macho yote yanamgeukia mtoto mmoja. Subiri angalau wiki, au soma kwa darasa zima kama hadithi ya kawaida ya ratiba. Mzazi anauliza, "Wewe hapa ni nani, Kuku au Jongoo?" na mtoto anafunga mdomo. Mwingine anamalizia na "Unaona sasa?", hadithi inageuka mawaidha. Na usiahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utalazimika kusema. Sema, "Nitakuambia kwanza kabla sijazungumza na mwalimu." Kisha andika: siku gani, mahali gani, nani alikuwepo.

Pengo ninalolisikitikia katika hadithi hizi ni watazamaji. Hakuna anayesimama kando ya uwanja Kuku anapommeza Jongoo, wakati shuleni karibu siku zote kuna kundi linalotazama na kucheka. Hapa ndipo leseni ya maktaba hii inapofaa: hadithi nyingi ziko chini ya leseni huria za Creative Commons, na zenye alama ya CC BY unaruhusiwa kuzibadilisha, mradi umtaje mwandishi na mchoraji wa asili na useme umebadilisha nini. Waambie watoto wamwingize Bata aliyekuwa akiangalia mechi. Afanye nini? Watatoa majibu manne au matano: akimbie kumwita Mama Jongoo, aache kushangilia, akae na Jongoo baadaye. Yaandikeni na kuyabandika ndani ya kijitabu.

Kijitabu chenyewe chapa kwenye duka la kutoa kopi. Kurasa 16 zinaingia kwenye karatasi nne za A4, pande mbili, kurasa mbili kila upande. Mwambie mhudumu achague mpangilio wa kijitabu na karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu, nyuma yake itatoka kichwa chini. Stepla ya kawaida haifiki katikati, basi toboa matundu matatu kwenye mkunjo na ushone kwa uzi. Kwa rangi nyeusi na nyeupe, picha zenye rangi nzito hutoka giza, kwa hiyo jaribu ukurasa mmoja kabla ya kuchapa nakala 30. Soma pia Kiswahili chenyewe kabla: tafsiri hazilingani, nyingine ni safi, nyingine zina makosa ya upatanisho wa ngeli ambayo ni bora uyarekebishe kwa kalamu.

Mtoto akiwa na michubuko, akiacha kula, au akisema hataki kuishi, usingoje siku ya tatu ya kusoma. Nenda kwa mwalimu mkuu na yale uliyoyaandika, na piga simu 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, Tanzania na Kenya.