Tahadhari kwa wazazi: mawakala bandia wanaouza vyumba vya hoteli Diani msimu wa Desemba

Ninaandika tahadhari hii kwa wazazi wanaojiandaa kuwapeleka watoto Pwani ya Kenya wakati wa likizo ya Desemba, hasa wale wanaotafuta chumba cha hoteli au nyumba ya kukodisha Diani kupitia kurasa za Facebook na mazungumzo ya WhatsApp. Desemba iliyopita familia yangu ya watu sita, yaani mimi, mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe, ambaye amezeeka Nyeri bila kuwahi kuiona bahari, ilipoteza shilingi 84,000 kwa mtu aliyejitambulisha kama wakala wa hoteli moja iliyo ufuoni. Hoteli yenyewe sitaitaja, kwa sababu haikuwa na kosa lolote. Jina lake na picha zake zilitumiwa na mwizi bila yenyewe kujua.

Jambo ambalo ningependa kila mzazi alielewe ni kwamba sikuwa mzembe kwa namna ambayo watu hudhani waliotapeliwa huwa wazembe. Nilitafuta hoteli hiyo mtandaoni nikaikuta ipo, nikaona bwawa lile lile la kuogelea na bustani ile ile iliyokuwa kwenye tangazo, nikasoma maoni ya wageni waliowahi kulala humo, na hapo moyo ukatulia. Kumbe nilikuwa nimethibitisha jambo lisilo na ubishi, kwamba hoteli ipo, na sikuthibitisha lile lililohitaji kuthibitishwa, yaani kama mtu ninayezungumza naye ana uhusiano wowote na hoteli hiyo. Utapeli wote ulijificha katika pengo hilo.

Bei aliyonipa ilikuwa shilingi 19,500 kwa usiku mmoja, vyumba viwili, pamoja na milo mitatu kwa watu wote sita. Alisema ni bei maalumu ya familia na kwamba ingeisha Ijumaa. Nilipouliza kama ninaweza kuzungumza na mapokezi, alinipa nambari mara moja bila kusita, na dada aliyepokea simu alinijibu kwa upole, akataja jina la hoteli, akaniuliza kama watoto wana mzio wa chakula chochote. Kwa kweli swali hilo la mzio ndilo lililoniondolea shaka ya mwisho. Nambari hiyo ilitoka kwa wakala mwenyewe, na mimi sikuilinganisha na ile iliyo kwenye tovuti ya hoteli.

Nililipa nusu ya pesa za usiku nne, shilingi 39,000, kwa nambari ya Till, yaani nambari ya M-Pesa ya kulipia biashara, aliyonitumia. Ujumbe wa M-Pesa uliporudi ulionyesha jina la biashara nisiyoifahamu, ambalo halikufanana hata kidogo na jina la hoteli. Nilimuuliza, akaeleza kwamba ni akaunti ya kampuni inayosimamia uhasibu wa hoteli kadhaa. Baadaye akanitumia vocha yenye nembo ya hoteli, nambari ya kuhifadhi vyumba, majina yetu sote na hata umri wa watoto, nami nikalipa shilingi 39,000 zilizobaki kabla ya Ijumaa aliyoitaja. Siku ya safari, treni ikiwa imeshapita Mtito Andei, alinipigia akidai shilingi 6,000 za dhamana ya watoto, ambazo tungerudishiwa siku ya kuondoka, na kwamba bila hizo mfumo ungefuta nafasi yetu. Nikiwa na watoto waliochoka na mtandao unaokatikakatika, nililipa. Tulipofika kituo cha Miritini simu yake ilikuwa imezimwa.

Tulivuka feri ya Likoni, tukafika langoni pa hoteli jua likikaribia kuzama. Mlinzi alipekua daftari lake mara mbili, kisha akamwita msimamizi wa mapokezi, mama mmoja mwungwana aliyetuketisha, akawaletea watoto maji na kutueleza kwamba nambari iliyo kwenye vocha haifuati hata mpangilio wa nambari zao. Vyumba vilikuwa vimejaa. Usiku huo tulilala katika nyumba ndogo ya wageni Ukunda, sita katika chumba kimoja, na mama mkwe hakusema neno la lawama hata moja, jambo lililoniumiza kuliko kama angelalamika. Asubuhi tulimpeleka ufuoni kwa njia ya umma, akasimama majini hadi magotini kwa muda mrefu, kisha tukaenda kituo cha polisi.

Baada ya kurudi nyumbani ndipo nilipoifungua sehemu ya uwazi wa ukurasa ule wa Facebook, ambayo huonyesha ukurasa ulifunguliwa lini na umewahi kuitwa majina gani. Ukurasa ulikuwa na maelfu ya wafuasi, lakini ulianza ukiuza viatu na ulikuwa umebadilishwa jina mara tatu. Wafuasi wale walikuja kwa ajili ya viatu. Kuangalia sehemu hiyo huchukua muda usiofika dakika moja, na ninawasihi muifanye kabla ya kuandika hata salamu.

La muhimu zaidi ni kuipigia hoteli yenyewe kwa nambari uliyoipata pahali pengine kabisa, wala si kwenye tangazo wala kwa wakala, na kuwauliza kama wanamjua mtu huyo, kama nambari ya kuhifadhi vyumba uliyopewa imo katika vitabu vyao, na malipo yao huingia kwa jina gani. Hoteli ya kweli haitakasirishwa na maswali hayo. Wakala wa usafiri nchini Kenya anatakiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kwa hiyo mwombe nambari ya leseni na uiulizie kwa mamlaka hiyo. Kwa nyumba za kukodisha, omba simu ya video ya papo hapo na umwombe anayekukodishia atoke hadi langoni na barabarani, kwa kuwa video iliyorekodiwa inaweza kuibwa kama picha yoyote. Na jina linalotokea kwenye simu unapolipa likitofautiana na la hoteli, simama hapo hapo, hata ukipewa maelezo matamu kiasi gani.

Ukiwa umeshatuma pesa, usingoje. Peleka ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom wenye M-Pesa, kuomba urejeshwe, ingawa kwangu nilijibiwa kwamba pesa zilikuwa zimeshatolewa. Kila saa inayopita inamsaidia mwizi. Ujumbe wa matapeli hupelekwa kwa 333, pia ya Safaricom, na taarifa inaweza kutolewa kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai kwa simu ya bure 0800 722 203. Andikisha kisa chako polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na usifute mazungumzo hata kama kuyaona kunakutia uchungu. Jihadhari pia na wimbi la pili: siku mbili baada ya kulalamika hadharani nilipigiwa na mtu aliyedai kutoka huduma kwa wateja, aliyejua kiasi nilichopoteza, akitaka PIN yangu ili anirudishie. Mwingine alitaka ada ya shilingi 2,500 ya kufungua faili la fidia. Hao wote ni matapeli, na huenda ni wale wale wa mwanzo.

Kisa chetu kimeandikishwa Diani na bado kinachunguzwa. Niliutazama ukurasa ule wiki iliyopita. Umebadilishwa jina kwa mara ya nne, sasa unatangaza hoteli ya Watamu kwa picha za bwawa jingine, na bei ya familia ya watu sita ni shilingi 19,500 kwa usiku, mwisho Ijumaa.