Doa Hununuliwa Dukani: Vanishi na Rangi za Uso wa Mwanasesere Mweupe wa Resini

Lalamiko ni lile lile kila mara. Rangi ya uso wa mwanasesere imefutwa, nyusi zimetoka, kope zimetoka, lakini mdomoni umebaki uwaridi usiokubali kutoka hata kwa kusuguliwa. Kwenye resini ya kahawia hakuna atakayeuona. Kwenye resini nyeupe unaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Mwenye mwanasesere huulaumu mkono wake, na mara nyingi mkono hauna kosa. Doa lilikuja na mfuko wa manunuzi.

Ulaini wa vijiti vya pasteli (chaki za rangi), wingi wa rangi kwenye boksi na uzuri wa mng'ao, hayo kila mtu huyaangalia, kwa hiyo tuyaache. Kinachorukwa ni maandishi madogo pembeni ya lebo: namba ya pigmenti, yaani msimbo wa chembe zinazotia rangi.

Resini ya wanasesere ni poliyurethani, na ina vinyweleo. Pigmenti za madini haziyeyuki; hukaa juu na hufutika. Pigmenti za kikaboni zina chembe ndogo sana, na ukizifuta kwa kiyeyushi, kiyeyushi hicho hicho huzibeba na kuzisukuma ndani. Rangi zinazoyeyuka kabisa, kama zile za kutia nguo, ni balaa zaidi, kwa sababu hazihitaji hata kusukumwa.

Namba za kutafuta ni hizi: PR101, nyekundu ya oksidi ya chuma, PBr7, familia ya amba na siena (kahawia za udongo), PY42 na PY43, manjano ya udongo, PW6, nyeupe ya titani, na PBk11, nyeusi ya chuma. Kwa hizo sita unapata nyusi, kivuli cha macho, wekundu wa mashavu na mdomo wa kila siku. Za kuogopa ni PR122 na PV19, ambazo ndizo waridi nyingi nzuri za dukani, kisha PB15 (buluu), PG7 (kijani) na PV23 (zambarau). PBk7, nyeusi ya kaboni, ina chembe laini mno na huacha kijivu kwenye mstari wa kope. PR83, nyekundu ya alizarini, ina ubaya mara mbili: inatia doa, halafu yenyewe inapauka kwa mwanga. Ukiona namba inayoanza na BV, hasa BV10 kwenye waridi zile zinazowaka kama taa, rudisha rafuni. Hiyo ni rangi ya kuyeyuka.

Sasa manunuzi yenyewe, tukianza na vanishi, maana ndiyo ukuta kati ya rangi na resini.

Ya kwanza ni Mr. Super Clear UV Cut Flat ya Mr. Hobby, kopo la 170 ml, namba B523. Sioni sababu ya kuzungukazunguka: kwa resini nyeupe hakuna iliyo karibu nayo. Inakauka haraka, inaacha uso wenye ukwaruzo mdogo unaoshika poda ya pasteli, na siku ya kufuta inatoka bila vita. Angalia namba kwa makini, kwa sababu B514 ni isiyong'aa pia lakini haina kinga ya miale ya jua, na makopo hayo yanafanana. Kinga yenyewe hupunguza kasi ya resini kugeuka njano, haizuii kabisa. Ndiyo maana kichwa kizima hupulizwa, pamoja na masikio na kisogo. Ukipuliza uso tu, baada ya muda uso na kisogo vitaachana rangi.

Ubora wa kopo hautakusaidia ukipuliza kutoka mbele peke yake. Mstari kati ya midomo, matundu ya pua na ukingo wa ndani wa kope hubaki vikavu, na ndipo doa linapoanzia. Tikisa kopo dakika 2 nzima. Simama sentimita 25 hadi 30. Tabaka la kwanza lipite mbele, la pili litoke chini ya kidevu kwenda juu, la tatu litoke kwenye paji kushuka. Kila tabaka liwe jembamba, na lipewe nusu saa. Hapo ndipo rangi ya kwanza iguse uso. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60, acha kazi, kwa sababu vanishi itakauka na ukungu mweupe ambao juu ya resini nyeupe utauona umechelewa, ukishapaka nyusi.

Ya pili ni vanishi isiyong'aa ya Vallejo ya maji, kwa bunduki ndogo ya hewa ya kupulizia rangi (airbrush). Ni kwa asiye na mahali pa wazi pa kupulizia kiyeyushi. Haina harufu kali, ila poda huteleza juu yake, na ikishakomaa kuifuta ni kazi.

Vanishi za bei rahisi za kazi za mikono: nyingine hubaki zinanata, nyingine hugeuka njano. Tusonge mbele.

Kwa pasteli, Rembrandt ya Royal Talens inaongoza, na sababu ni namba. Tarakimu baada ya nukta inakuambia kilichomo: .5 ni rangi kamili, .3 imechanganywa na nyeusi, .7 kwenda juu imeongezwa nyeupe. Anza na 411 (siena ya kuchoma), 409 (amba ya kuchoma) na 227 (manjano ya udongo), kila moja katika .5 na hatua moja nyepesi. Vijiti sita vinatosha nyuso nyingi sana. PanPastel inafuata: haina vumbi jingi na ni rahisi kuichukua kwa brashi, lakini inajenga rangi haraka, na mkono mzito utajuta. Kwa mistari myembamba ya nyusi na kope, akriliki ya Golden Fluid, kwa kuwa namba ya pigmenti imeandikwa kwenye chupa yenyewe. PBr7 iliyopunguzwa kwa maji, tone kwa tone, hadi itiririke kama wino.

Na hapa lazima yasemwe ya wauzaji. Kuna hizi seti zinazoitwa maalumu kwa nyuso za wanasesere: poda imekwanguliwa kutoka kwenye vijiti vya mtu mwingine, ikatiwa kwenye vikopo visivyo na namba wala jina la kiwanda, ikapewa jina tamu la ua fulani. Muulize muuzaji pigmenti, atakujibu kwamba "haitii doa". Hilo si jibu. Kopo la gesi nalo lina vizuizi vya kusafirishwa kwa ndege, kwa hiyo gharama ya usafiri ni halali. Kisicho halali ni kuificha hadi hatua ya mwisho ya malipo.

Rangi usiyoiamini ijaribu ndani ya kifuniko cha kichwa, mahali ambapo wigi litafunika. Iache saa 24, kisha ifute. Kwa kufuta nunua Winsor & Newton Brush Cleaner & Restorer, au alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Asetoni inaweza kuharibu resini, isikaribie. Kijiti cha pamba kipite mara moja, kikielekea nje ya mdomo, kisha kitupwe. Kukirudisha ni kupaka upya kile ulichokitoa.

Doa lililokwisha kuingia hujaribiwa kwanza kwa sponji ya melamini yenye maji, halafu msasa wa maji namba 800 na kumalizia 1000, resini ikiwa imelowa muda wote ili vumbi lisipae. Ile mbinu ya krimu ya chunusi na jua inayotumika kwenye wanasesere wa vinyl (plastiki laini) usiilete huku. Jua litaigeuza resini njano.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke wa vanishi. Inayofaa ni ya nusu uso yenye vichujio vya mvuke wa kikaboni, mfano 3M 60921, ambavyo vinazuia na chembe pia. Ukisikia harufu ukiwa umeivaa, ama haijakaa vizuri usoni ama kichujio kimekwisha.