Studio ya 3D Tanga, kwa wenye kazi ya michongo ya mawe: nyota 4

Jamani kama una kazi ya kurekodi kitu kilichochongwa kwenye jiwe, hawa vijana nawapa nyota nne na wanastahili. Mi niliwapeleka Tongoni, kwenye yale makaburi ya nguzo kusini mwa mji, matumbawe yameliwa na chumvi mpaka mchana kweupe huoni mstari hata mmoja.

Kwanza hawakugusa jiwe kabisa, na hilo kwangu ndo kubwa. Mtu akikwambia anapaka chaki ili mchongo utoke vizuri kwenye picha mkatalie palepale, chaki inajificha kwenye vitundu vya jiwe alafu yeye ndo anaamua mstari unaanzia wapi unaishia wapi, yaani unabaki na mawazo yake. Kule Tanum, Sweden, michongo mingi ya mwambani imepakwa rangi nyekundu ili wageni waione, sa unachokiona ni kile alichokiona aliyeshika brashi. Kufuatisha mchongo kwa kalamu juu ya nailoni nako ni vilevile, wape watu wawili jiwe moja uone kama michoro italingana.

Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale ya Uingereza, imechorwa na kupigwa picha miaka na miaka, lakini skana ya leza ndo iliyoibua michongo 71 ya vichwa vya shoka ambayo haikuwa imeandikwa popote, matokeo yalitoka 2012.

Hawa hawana leza, wanapiga picha nyingi zinazopishana, kila sehemu ya jiwe inatokea kwenye picha kadhaa, alafu kompyuta inaunganisha inatoa umbo la 3D, ndo wanaliita modeli. Jioni wakamulika tochi kwa pembeni, chini kabisa, na maua yaliyochongwa yakajitokeza yenyewe, kwakweli nilisisimka.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Hawakuja na skeli, yaani kipimo cha kuweka kando ya jiwe wakati wa kupiga picha, na bila skeli modeli inakupa umbo tu, vipimo huna, ikabidi tuweke rula yangu. Pili walilainisha modeli ili ipendeze na mistari myembamba ikafutika, nikaomba ile ambayo haijalainishwa ndo mistari ikarudi. Programu nayo inaamua mambo kama yule wa chaki, ila tofauti hapa unaweza kurudi nyuma, kwa sababu walinipa picha zote mbichi, zile za kamera ambazo hazijaguswa, kwenye flashi bila kuwabembeleza.

Mkienda kwao semeni mapema mnataka picha mbichi na modeli isiyolainishwa, na ombeni ruhusa ya kupiga kwa wasimamizi wa eneo kabla hamjatoka mjini.